Msiibambikie Meseji Kesi ya Tahajia

Kila kikao cha wazazi ninachohudhuria hapa Nachingwea, ikifika zamu ya Kiswahili huinuka mzazi mmoja akailaumu simu. Watoto wameharibika, hawajui kuandika, ni hizi meseji! Watu wanapiga makofi, walimu wanaitikia kwa kichwa, tunahamia kwenye michango ya chakula. Mimi sipigi makofi. Hiyo ni kesi ya kubambikiwa.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili Ruangwa. Juzi alinitumia meseji kwa simu ya mama yake: "Shkamoo mjomba. 2mefunga j3 cna nauli." Kwetu sisi Wamwera mjomba hana pa kukimbilia, nauli ikaenda. Lakini itazame hiyo meseji. Ile 2 isome kwa Kiingereza, upate "tu". Ile 3 isome kwa Kiswahili, upate Jumatatu. Hiyo c ni jina la herufi kwa Kiingereza, nalo limebeba "si" nzima. Kijana amekata maneno hayo palepale silabi inapokatika, bila kukosea hata mara moja. Asiyejua "tumefunga" ina silabi gani hawezi kuifupisha, atakwama. (Ile "xaxa" wanayoandika badala ya "sasa" ni jambo jingine. Haifupishi kitu, herufi ni zilezile nne. Hayo ni mapozi ya ujana, na sisi tulikuwa na yetu.)

Alipofika nikamwomba daftari la Kiswahili. Insha ilikuwa ya shamba la ufuta. Sikuona 2, wala j3, wala x. Niliona "arafu bibi arichoka", "ata mimi", "nime palilia", "kwasababu". Hapo meseji inahusika vipi? R na l zinagombana mdomoni kabla hazijafika kwenye kalamu, h tunaimeza wenyewe tukizungumza, na hakuna aliyemwonyesha neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Marehemu baba yangu, aliyefariki kabla simu ya mkononi haijafika Nachingwea, aliniandikia barua zenye "arafu" hiyohiyo. Chini ya insha ya mpwa wangu palikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu, basi. Mwalimu simlaumu sana: ana mikondo miwili na usiku mmoja.

Tarehe nazo zinaikana kesi hii. Mwaka 2010 utafiti wa elimu wa mpango wa Uwezo ulikuta kwamba mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza darasa la saba nchini hawezi kusoma Kiswahili cha darasa la pili. Wakati ule ni watoto wangapi wa msingi vijijini kwetu walikuwa na simu ya kuwaharibu? Kisha 2012 mtihani wa darasa la saba ukaingia kwenye kusiliba majibu ya kuchagua. Mtoto akawa anaweza kumaliza karatasi ya Kiswahili bila kuandika sentensi moja, na madarasa yakafundisha kile kinachopimwa. Hapo hatukuitisha kikao.

Uingereza nako walilia hivihivi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry wakawapima watoto wa miaka 10 hadi 12, na matokeo yaliyochapishwa 2009 yakaonyesha kwamba wenye vifupisho vingi kwenye meseji ndio waliokuwa bora katika kusoma maneno. Kiingereza si Kiswahili, najua, lakini mshtakiwa ni yuleyule.

Tahajia huja kwa kusoma sana, kuandika sana na kusahihishwa. Watoto wetu wanakosa yote matatu. Kwa wengi, meseji ndiyo maandishi pekee ya siku nzima ambayo hawakuyanakili ubaoni, na hayo ndiyo tunayotaka kuwanyang'anya.

Mzazi mwenzangu, kabla hujaificha simu kabatini, fungua daftari la mwanao uhesabu insha za muhula huu. La mpwa wangu lilikuwa na mbili.