Wageni walisemea watu wetu; siye tunasemea nani?

Kila mutu kati yetu ana ndugu, ao jirani ya ndugu, mwenye kuishi leo Marekani. Moja alipitia kambi ya Meheba kule Zambia, mwingine Nyarugusu kule Tanzania. Walingojea miaka na miaka, kisha ndege, kisha picha za makoti ya baridi katika telefone zetu. Ukiuliza nani aliwafungulia mulango, jibu ni moja: "Njo serikali ya Marekani." Si serikali peke yake.

Mwezi wa 9 mwaka 2019, President Donald Trump alitia sahihi amri: mukimbizi hatapelekwa katika jimbo ao wilaya kama guvernere na wakubwa wa pale hawakukubali kwa maandiko. Katika mwaka wa hesabu uliokuwa unaisha, wakimbizi 30 000 waliingia Marekani, na karibu 13 000 walikuwa watu wa Congo, kupita inchi ingine yote. Ile amri ilituangukia siye.

Basi raia wakasimama. Mapadri, wapasta, walimu, hata wenye kampuni waliokosa wafanyakazi, waliandikia maguvernere na kuwaendea wakubwa wao wa kuchaguliwa. Katika jimbo la Utah, guvernere Gary Herbert, mutu wa chama kimoja na President, alijibu kwa barua: apana tu kukubali, aliomba waongezewe wakimbizi.

Kule Bismarck, katika North Dakota, mambo yalikuwa magumu. Watu walijaa sana, mukutano ukaahirishwa na kupelekwa kwenye masomo. Tarehe 9 ya mwezi wa 12, wakubwa watano wa wilaya walisikiliza raia, wenye kukubali na wenye kukataa, saa kwa saa. Kisha kura: watatu ndiyo, wawili apana. Na waliweka mupaka: wakimbizi 25 kwa mwaka. Makumi mbili na tano! Kamio moja ya asubuyi yenye kupeleka wachimbaji kwenye karieri inabeba watu kupita wale. Lakini bila wale raia, ingekuwa zero. Texas, guvernere alikataa kabisa, mwezi wa kwanza 2020. Siku chache kisha, zuzi wa Maryland akasimamisha amri yote.

Wenye kukataa walisema nini? Nyumba hazitoshi, kazi haitoshi, nani atalipa. Tusiwacheke. Ni maneno yetu, tumeyasema kwenye gare, treni ya Kasai inapofika. Wazee wa Likasi wanakumbuka 1992 na 1993: familia nzima kulala kwenye gare, na matela na masufuria, kungojea treni ya kuwarudisha kwenye wengine hawakuzaliwa. Walikuwa wachimbaji sawa siye, wa kampuni moja, wa kambi moja. Nani kati yetu alienda kugonga kwa mukubwa kuwasemea? Wachache sana. Na wale wenye kushuka treni leo si wakimbizi hata. Ni raia wa inchi moja na siye.

Watatuambia: "Depite hasikii mutu bila pesa." Pengine. Lakini tulimujaribu? Tunamuendea juu ya matanga, juu ya kazi ya mutoto, juu ya tikiti. Kumuendea juu ya mutu mwingine, apana.

Na sheria iko. Artikle ya 27 ya Katiba inasema kila Mukongomani ana haki ya kuandikia wakubwa wa serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na wanapashwa kujibu katika miezi mitatu. Kwa hiyo tunaomba kila kambi, kila karieri, iandike barua moja kwa depite wake wa provense: masomo gani yatapokea batoto ya wale wageni, maji watateka wapi. Majina na sahihi chini. Mubaki na kopi moja yenye tampo na tarehe ya kupokea, na mwanze kuhesabu siku.