Kuwinda Tashibiha

Mwanafunzi wa sekondari anapopewa shairi alichambue, jambo la kwanza analofunzwa ni kuwinda. Atafute tashibiha, takriri na tashihisi. Akiisha kuzinasa azipange chini ya fani, kisha ateremkie maudhui: dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo. Alama hupatikana, na shairi hubaki halijaguswa.

Litazamwe "Mamba" la Abdilatif Abdalla, lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973). Mshairi huyu alifungwa nchini Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?", na mashairi ya diwani hiyo aliyaandika kwa siri, juu ya karatasi za chooni. Mwanafunzi huandika kwamba mamba ni istiari, akaenda zake. Ni istiari, nani asiyejua? La kuulizwa ni kwa nini mfungwa amteue mnyama huyo mwenye kiburi, anamsemesha nani, na msikilizaji atoke na hofu au na dharau. Hiyo ndiyo balagha, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni kufika na kufikisha. Anayetaja jina la chombo asiseme kimepakia shehena gani wala kimetia nanga wapi, huyo ameorodhesha tu.

Insha ya vitabu viwili ina msiba mkubwa zaidi. Hoja tatu hutolewa katika diwani hii, tatu katika ile, nazo hukaa ukurasa mmoja kama majirani waliokatiana salamu. Eti huo ndio usanisi! Wapwani walikuwa na skuli bora: katika zama za Muyaka, malenga wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa tungo, na asiyelitambua pigo la mwenziwe hakuwa na la kujibu.

Na mada zipo tele. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha sheria za utunzi. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, akaviacha vina na mizani. Katikati yao yupo Abdilatif, aliyezishika kaida hizo hizo na bado akaitia serikali kiwewe. Je, vina ni pingu au ni silaha? Mwanafunzi achague upande, na kila andiko alipime kwa jingine.

Walimu watasema muda hautoshi. Kweli, kipindi cha dakika 40 hakiitoshi diwani nzima. Chazitosha beti mbili, mabishano, na aya moja ya kuandika.