Mwalimu Akiuliza, Nani Ajibu?



Ndugu wasomaji, msimu wa mikutano ya wazazi na walimu umewadia tena. Wengi wetu tutakwenda skuli baada ya kazi, tukae juu ya vile viti vidogo vya watoto, na tuelezwe kwa dakika chache habari za muhula mzima. Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza taarifa hiyo haibadiliki mwaka hata mwaka: mwanao ni mtulivu, ana adabu, hagombani na wenziwe, ila hashiriki katika masomo. Mzazi husikia matatu ya mwanzo, moyo ukamfurahi, akashukuru na kuaga. Hilo la nne hulichukulia kuwa ni sifa nyengine. Nasi tunasema kuwa la nne ndilo lililompasa kulishika.

Natuseme wazi maana yake. Katika skuli za huku mwalimu humjua mtoto kwa kile anachokisema. Asiyesema hudhaniwa hajui. Na anayedhaniwa hajui huulizwa maswali mepesi, au haulizwi kabisa kwa kuonewa huruma. Akisha kuingia sekondari akiwa na umri wa miaka 11, skuli nyingi huwagawa watoto katika makundi ya hesabu kwa kadiri ya uwezo wao, na mkimya hupangwa pamoja na wanaokwenda pole. Kundi hilo husomeshwa mambo machache zaidi. Afikapo miaka 16 hukuta kuwa mtihani wa GCSE wa hesabu una ngazi mbili, na mwenye kufanya ile ya chini hawezi kupata zaidi ya 5 hata akijibu kila swali sawasawa, ilhali ngazi ya juu hufika 9. Mlango aliofungiwa ulianza kufungwa zamani, alipokuwa mdogo akitazama meza yake.

Tunamfahamu kijana mmoja wa jamaa zetu, hatutamtaja wala hatutaitaja skuli yake, aliyekuwa akijumlisha hesabu za duka la babake kichwani kabla mashine haijamaliza kutoa risiti. Darasani aliwekwa kundi la chini kwa miaka miwili. Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza, kijana akainamisha uso kama alivyofundishwa kwao kuinamisha uso mbele ya mkubwa, mwalimu akaona asimwaibishe, akamwuliza mwengine. Mchezo huo ulirudiwa siku baada ya siku, kila upande ukidhani umeuheshimu upande wa pili.

Hapa pana mambo mawili yaliyokutana: malezi yetu na haraka ya mwalimu. Tuanze na haraka ya mwalimu, kwa sababu imepimwa.

Mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alirekodi kwenye kanda masomo mengi ya sayansi katika skuli za msingi, akazisikiliza kanda hizo akiwa na saa mkononi. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1974. Aligundua kuwa mwalimu wa kawaida akisha kuuliza swali hungoja kiasi cha sekunde 1 tu, kisha hulirudia swali, au hulijibu mwenyewe, au humwendea mtoto mwengine. Na mtoto akisha kujibu, mwalimu hudakia papo hapo, hata mtoto hapati nafasi ya kuongeza neno. Baya zaidi ni kwamba wale waliohesabiwa na mwalimu kuwa ni wazito walipewa muda mfupi kuliko wale waliohesabiwa kuwa ni wepesi. Mwenye kuhitaji zaidi ndiye aliyepewa kidogo.

Akawafundisha walimu kungoja sekunde 3 au zaidi. Jambo dogo hilo, lisilohitaji senti moja, lilibadilisha madarasa. Majibu yakawa marefu zaidi. Watoto waliokuwa wakisema "sijui" au kunyamaza wakapungua. Watoto wakaanza kuulizana na kujibizana wao kwa wao, na waliodhaniwa wazito wakaanza kutoa mchango ambao walimu wao hawakuutazamia.

Msomaji atafakari sasa hali ya mtoto wetu. Nyumbani husema Kiswahili na bibi yake. Swali linapomjia kwa Kiingereza, huenda akalipata jibu kwa Kiswahili, akaligeuza, akalipima kama limesimama vizuri, ndipo afungue kinywa. Sekunde 1 haimtoshi hata nusu ya safari hiyo. Kwa hiyo mzazi akutanapo na mwalimu, badala ya kutikisa kichwa, na aulize kwa upole: je, mwanangu hupewa muda gani wa kufikiri kabla ya swali kupewa mwengine? Na je, anaweza kwanza kulizungumza jibu lake na jirani yake? Mwalimu mzuri hatachukia kuulizwa hivyo. Njia hiyo ya pili inajulikana na wengi wao. Aliitunga Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1981: mtoto afikiri peke yake, amwambie mwenzake, kisha ndipo waambiwe wote. Mwenye haya akisha kulisema jibu lake mara moja kwa sauti ndogo, la pili huwa jepesi.

Ama kuhusu malezi yetu, tunajua kuwa hapa ndipo baadhi ya wazee watakapotukunjia uso. Watasema tunawafundisha watoto ufedhuli, na kwamba mtoto mwenye kuchangia mbele ya wakubwa ameharibiwa na nchi ya watu. Hatukubali. Wasomaji wanaikumbuka ile hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba juu ya mti mmoja ambao majani yake hayaanguki, na ambao aliufananisha na Muislamu. Fikra za watu zikaenda kwenye miti ya nyikani. Abdullah bin Umar, mdogo kuliko wote waliokaa pale, jibu lilimjia moyoni kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa walionyamaza, miongoni mwao Abu Bakr na baba yake mwenyewe. Walipoomba waambiwe, Mtume akawajulisha kuwa ni mtende. Baadaye kijana alimweleza babake yaliyompitia, na Umar hakumpongeza kwa kunyamaza. Alimweleza kuwa lau angelisema, ingelikuwa furaha kwake kuliko kupata mali kadha wa kadha.

Tuangalie pia namna ya kufundisha iliyomo humo. Swali liliulizwa, na watu wakaachiwa wahangaike nalo kwanza. Jibu halikutupwa katika sekunde ya pili.

Kwa hiyo mtoto aambiwe na mzazi wake mwenyewe, kwa kinywa, kwamba kule skuli kujibu na kuuliza ni sehemu ya heshima kwa mwalimu, na kwamba kumtazama mwalimu usoni anapozungumza ndiyo adabu ya kule, kama ilivyo adabu kwetu kuinamisha macho tunapoonywa. Watoto ni hodari wa mambo haya. Anayeweza kubadilisha lugha mlangoni hawezi kushindwa kubadilisha mwendo. Lakini anahitaji ruhusa, na ruhusa hiyo haiwezi kutolewa na mwalimu wa Kiingereza, hutolewa nyumbani.

Sasa tugeukie wale wanaonyoosha mikono. Kila aliyewahi kufundisha anajua kuwa katika darasa la watoto 30 kuna wanne au watano ambao mikono yao haishuki. Mwalimu aliyechoka huwapenda, maana somo husonga mbele. Wengine 25 hujifunza kuwa wakikaa kimya vya kutosha, dhoruba itapita. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam, wa King's College London, walitoa mapitio yao ya maandishi yapatayo 250 juu ya namna mwalimu anavyoweza kujua, somo likiwa bado linaendelea, nani ameelewa na nani hajaelewa, na kulibadilisha somo kwa mujibu wa anachokiona. Kisha wakashirikiana na walimu 24 wa hesabu na sayansi katika skuli 6 za sekondari za Medway na Oxfordshire. Moja ya mambo waliyoyajaribu walimu hao lilikuwa kuacha kabisa utaratibu wa kunyoosha mikono ili kujibu: mkono unyooshwe kwa kuuliza tu, na mwalimu mwenyewe achague wa kujibu, akisha kuwapa wote muda wa kufikiri.

Mwaka 2010 BBC ilionyesha katika televisheni Wiliam akilijaribu jambo hili katika darasa moja la sekondari, majina ya watoto yakiandikwa juu ya vijiti vya aiskrimu na kuchomolewa kwa bahati. Waliolalamika mno walikuwa wale waliozoea kujibu kila mara. Sisi kwa upande wetu hatuvipendi sana vijiti hivyo. Kijiti hakijui kuwa mtoto fulani amefiwa jana, wala kwamba yule mwengine leo, kwa mara ya kwanza, ana jibu lililomjaa kifuani. Mwalimu mwenye macho ni bora kuliko kijiti. Lakini kijiti ni bora kuliko mazoea.

Lililotupendeza zaidi ni vile vibao vidogo vyeupe. Kila mtoto hupewa kibao chake na kalamu ya kufutika. Swali huulizwa, kila mmoja huandika, na vibao vyote huinuliwa kwa pamoja. Kwa mtazamo mmoja mwalimu huona majibu 30. Walimu vijana hudhani kuwa ni uvumbuzi. Tuliosoma chuoni kabla juzuu za kuchapwa hazijaenea tunaujua ubao: mtoto aliandikiwa kwa wino, akasoma mpaka akahifadhi, akaenda kukaa mbele ya mwalimu peke yake akasikilizwa, akaukosha, akaandikiwa tena. Chuoni hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya hodari. Kila mtoto alisikilizwa, kila siku, kwa kiwango chake mwenyewe. Wa alifu alikuwa na alifu yake na wa Yasini alikuwa na Yasini yake. Bakora hatuitetei. Lakini kule kusikilizwa mmoja mmoja kulikuwa ufundishaji wa hali ya juu, na ni ajabu kuwa ndicho tulichokiacha tulipohama, tukaibakisha ile kelele ya kuitikia kwa pamoja.

Maana katika darasa letu la Jumamosi, na tunasema haya kwa kuwapenda walimu wetu wanaojitolea, watoto huitikia kwa kishindo. Mwalimu husema, "Mmefahamu?" Nao hujibu, "Ndiyo, mwalimu!" Ukimchukua mmoja pembeni ukamwuliza, hana kitu. Kuitikia pamoja kunafaa kwa matamshi na kwa kuhifadhi. Kwa kupima ufahamu hakufai. Na swali la "mmefahamu" si swali, kwa sababu lina jibu moja tu lenye adabu.

Neno fupi juu ya kusahihisha madaftari. Ruth Butler, huko Israel, alichapisha mwaka 1988 utafiti juu ya watoto wa skuli ya msingi, wengine wakipewa alama tu, wengine maelezo tu, na wengine vyote viwili. Waliopewa maelezo tu ndio waliosonga mbele. Waliopewa alama pamoja na maelezo hawakufaidika. Waliitazama alama, na maelezo yakapotea bure. Wazazi wanaodai alama kila wiki waifikirie habari hiyo kabla ya kumkabili mwalimu.

Nyumbani nako pana nafasi. Swali la "leo umesoma nini?" tumeshalichosha; jibu lake ni "hamna". Mama anapokata mkate wa kumimina, na amwulize mtoto: theluthi na thumni, ipi kubwa? Kisha anyamaze. Asimsaidie, na dada mkubwa asimsemee. Mtoto akikosea kwa kuona kuwa nane ni nyingi kuliko tatu, basi thumni ni kubwa, asichekwe. Apewe kisu, akate, aone. Tuna bahati ya kuwa na nusu, theluthi, robo na thumni katika lugha yetu, na atakayezifahamu hivyo kwa Kiswahili hatashindwa na majina yake ya Kiingereza.

Mwaka 2017 Education Endowment Foundation ya hapa Uingereza ilitoa matokeo ya majaribio katika skuli za msingi 78, ambamo walimu walifundishwa kuendesha darasa kwa mazungumzo ya kweli: mtoto aeleze sababu ya jibu lake, mwenzake alipinge au alijenge. Kwa makadirio yao, watoto wa miaka 9 na 10 walisonga mbele kwa kiasi cha miezi 2 zaidi ya wenzao katika Kiingereza na sayansi, na mwezi 1 katika hesabu. Hawakununuliwa mashine yoyote. Walizungumza tu, wakasikilizwa.

Kwa darasa la Jumamosi, walimu wamekubali kujaribu vibao kwa muhula mmoja, kuanzia watoto wa miaka 7 hadi 13. Vya dukani ni ghali, kwa hiyo tutatengeneza wenyewe: karatasi nyeupe ngumu ndani ya mfuko wa plastiki wa kuwekea hati hufutika vizuri kabisa. Inahitajika mifuko 40 na kalamu za kufutika 40, na akina mama wenye kanga zilizochakaa wanaombwa wazikate vipande vya kiganja kwa ajili ya kufutia. Vitu vikabidhiwe kwa mwalimu wa zamu ukumbini, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya adhuhuri.