Aliyerudishwa mlangoni kwa kuvaa kanga



Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa makamo alifika katika darsa la akina mama msikitini kwetu akiwa amevaa gauni refu na kujitanda doti ya kanga, moja kiunoni na nyingine kuanzia kichwani hadi chini ya kifua. Mlangoni wenzake walimwambia kwamba hilo si vazi la Kiislamu, arudi akavae abaya. Akarudi. Siku chache baadaye kamati ikaletewa barua inayotaka jambo hilo liwe kanuni: asiyevaa abaya nyeusi asiingie darsani. Mimi kama katibu ndiye niliyeipokea. Kabla haijajadiliwa, naomba niwakumbushe walioiandika, ambao nawaheshimu kama mama zangu, habari ya bibi zetu.

Katika pwani yetu, zama za utumwa, mavazi yalikuwa alama ya daraja ya mtu. Mwanamke mtumwa alivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikileta Unguja tangu enzi ya Sayyid Said. Au alivaa kaniki, iliyotiwa rangi ya nili hadi ikakaribia weusi. Alijifunga chini ya makwapa, mabega wazi, na aghalabu kichwa wazi pia. Mtumwa mwanamume naye hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Wote hao walikuwa wakiishi katika nyumba za Waislamu, na wengi wao walikuwa Waislamu.

Upande wa pili walikuwapo mabibi wa kiungwana. Unguja, wanawake wa nyumba kubwa za Kiarabu walivaa barakoa usoni na kujitanda shela ya hariri. Lamu ilikuwapo shiraa. Bibi akitaka kutoka, alitembea ndani ya kitambaa kikubwa mithili ya hema, kilichoinuliwa kwa miti mikononi mwa watumwa wake, mpaka afike alikokuwa akienda. Kila ninapoitafakari shiraa moyo wangu huwa mzito. Sitara ya bibi ilibebwa na mjakazi ambaye yeye mwenyewe hakuachiwa ushungi.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja, na mwaka 1907 katika pwani ya Kenya. Shiraa ikakosa wa kuibeba, ikafa. Waliokuwa watumwa wakaacha merikani na kaniki, wakanunua kanga. Kanga yenyewe ilikwishaanza miaka michache kabla ya hapo, pale wanawake walipounganisha vitambaa vya mkononi vya rangi vilivyojulikana kwa jina la Kireno, leso. Mombasa mpaka leo wanaiita hivyo. Maneno yalikuja baadaye, na mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa mwanamke aliyeachwa huru, doti ya kanga haikuwa pambo tu. Ya pili aliitanda kichwani, akatembea barabarani kama mwungwana. Kisha, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, likaenea buibui jeusi, nalo likavaliwa na binti wa tajiri na mjukuu wa mtumwa sawia. Ukiwakuta njiani, hukuweza kujua yupi ni yupi.

Abaya tunayoitetea leo imekuja juzi tu. Ilienea kwetu kutoka nchi za Ghuba katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, na buibui la kamba likawekwa sandukuni. Siitii dosari, nyumbani kwangu inavaliwa. Lakini Aya ya 31 ya Suratun-Nuur imeamrisha ushungi uteremshwe vifuani, na mafakihi wakabainisha kwamba nguo isitiri, isibane, isionyeshe mwili. Rangi haikutajwa, wala mshono. Zipo abaya zinazobana kiuno na kumeta shanga kuliko gauni la harusi, na mwenye nayo huingia darsani akipewa salamu.

Hoja moja ya barua ile ina uzito, nami naikiri. Kanga huteleza mtu anaporukuu na kusujudu, na nyingi za siku hizi ni nyepesi kiasi cha kuonyesha kilichomo ndani. Basi tuseme hivyo: avae gauni zito ndani, afunge pini. Hilo ni nasaha, linatofautiana sana na kumrudisha mtu. Na kwa kuwa tumefungua mlango huu, sisi wanaume tunaswali Ijumaa nyuma ya vijana waliovaa fulana za mpira, jina la mchezaji limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa mbele ya macho yetu. Sijapokea barua yoyote kuhusu hao.

Abaya ni ghali. Anayefua za watu ili alishe wanawe, tukimwambia anunue ndipo aje kusoma dini yake, tumerudisha daraja zilizofutwa mwaka 1897, safari hii kwa jina la dini.

Kikao cha kamati ni Jumapili baada ya Alasiri. Nimemtuma mtu kwa mama yule kumwomba afike atoe maelezo yake. Amejibu kwamba atakuja, ila anauliza aje amevaa nini.