Mwalimu Mwanamke Yuko Wapi?

Yasemwa kwamba Visiwa vya Wabajuni havina wanawake wafaao kufundisha shule za msingi. Hoja hii ni dhaifu. Mwaka 1974 Somalia ilifunga shule za sekondari, ikawatuma wanafunzi, wasichana kwa wavulana, kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika. Lililowezekana nyikani lashindikanaje Chula, Koyama na Kismayu? Nchini Tanzania walimu wanawake wa shule za msingi wamefikia kama nusu. Somalia wangali wachache mno. Binti asiyefunzwa na mwanamke huidhani kazi hii kuwa ya wanaume, naye haiombi. Kisha twamlaumu kwa kutoiomba! Ndugu walimu, wanawake hawa hawatashuka kutoka mbinguni. Vyuo vya ualimu na viwatengee nafasi mabinti wa pwani hiyo.