Ramani ya Nchi Yetu Ilichorwa na Nani?

Mtoto wa shule akiulizwa ni nani aliyegundua Ziwa Victoria, hujibu "Speke," na mwalimu humtilia alama ya vema. Sisi tuandikao tahariri hii tulisomea ualimu, na tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha tuliziweka alama hizo daftari baada ya daftari, wala mkono haukusita. Mpaka siku moja mtoto mmoja ambaye kwao ni Ukerewe alisimama akauliza, "Mwalimu, kabla ya hapo babu zetu walikuwa wakivua wapi?" Darasa zima likacheka. Sisi tulimwambia tutamjibu kesho. Kesho ile imechelewa, na leo tungependa kuilipa.

Hatusemi kwamba Speke hakufika. Alifika upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, baada ya safari ya zaidi ya mwaka mmoja tangu pwani, huku akiwa ameugua macho njiani. Kazi ile ilikuwa ngumu, na asemaye kwamba ilikuwa rahisi naajaribu kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo mpaka Tabora. Tusemalo sisi ni kwamba mtu yule hakuinua mguu ila palikuwapo mtu wa huku aliyemwonyesha pa kuukanyagia. Huyo wa pili ndiye tunayemtafuta.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga miezi kadhaa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza. Kila msafara uliporudi kutoka bara aliwauliza wenyewe: mmepita wapi, mmelala wapi, siku ngapi mpaka kwenye maji makubwa? Yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakazikusanya habari hizo, wakachora ramani, nayo ikachapwa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Erhardt hakuwa ameliona ziwa hata moja kwa macho yake. Waliotoka njia ya Kilwa walimwambia kwamba njia yao huishia majini. Waliokwenda Ujiji walisema vivyo hivyo, na wa kaskazini nao hivyo hivyo. Basi yeye akayaunganisha maji yote yakawa ziwa moja kubwa la kutisha, limejilaza katikati ya ramani kama konokono asiye na nyumba. Mabwana wa London wengine waliistaajabia, wengine wakaicheka. Lakini tazameni: kila msafiri aliyeulizwa alisema kweli ya njia yake. Kosa liliingia pale tu kalamu ilipofika mkononi mwa mtu asiyeijua njia.

Na aliyelisahihisha kosa hilo ni nani? Novemba 1857 Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora. Walimkuta huko Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu kutoka Oman, aliyekuwa ameizunguka nchi ile kwa miaka mingi. Speke alimkunjulia ramani ya konokono. Snay akamwambia kwamba hilo si ziwa moja bali ni matatu: Nyasa liko kusini, la Ujiji liko magharibi, na la tatu, kubwa kuliko hayo, liko kaskazini. Mazungumzo ya barazani yakaibomoa ramani ya Ulaya, na Speke mwenyewe aliyaandika katika kitabu chake, wala hakuficha. Ni vitabu vya shule vilivyokuja baadaye ndivyo vilivyoona kwamba ukurasa huo unaweza kurukwa.

Mazungumzo hayo yalipitaje, ikiwa Speke hakujua Kiswahili cha kutosha wala Kiarabu? Hapa ndipo tunapomkuta Sidi Mubarak Bombay.

Huyu alikuwa Myao. Alikamatwa na watekaji wa watumwa angali mtoto, akashushwa pwani, akauzwa, akavushwa bahari mpaka India. Huko alikaa miaka mingi, na bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Unguja. Jina la Bombay ndilo alilorudi nalo. Mwaka 1857 alikuwa askari wa Sultani katika kituo kimoja karibu na Pangani, ndipo Burton na Speke wakamchukua. Speke alijua Kihindustani kwa kuwa alikuwa mwanajeshi huko India, na Bombay alikijua kwa kuwa alikuwa mtumwa huko huko. Basi maneno ya Mnyamwezi yalitafsiriwa kwa Kiswahili, Bombay akayatia katika Kihindustani, na Speke akayaandika kwa Kiingereza. Kila jina la mto na kilima lililoingia katika daftari la Speke kwa njia hiyo lilipita kwanza katika kinywa cha Bombay.

Hakuishia hapo. Alifuatana na Speke tena, pamoja na Grant, katika safari ya 1860 mpaka 1863, iliyofika Buganda na kushuka na mto Nile. Mwaka 1871 alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 alitoka na Cameron huku pwani, na mwaka 1875 wakatokea upande wa pili wa Afrika, kwenye bahari ya Atlantiki. Wako wapi Wazungu wa zama zile waliotembea kiasi hicho? Hawafiki vidole vya mkono mmoja. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha mwaka 1876. Alikufa mwaka 1885. Wenzetu, ni wangapi kati yenu waliopata kulisikia jina lake darasani? Sisi wenyewe tulilisikia tulipokwisha kumaliza chuo.

Hatutaki mtu atudhanie kwamba tunaipamba njia ile. Njia ya Ujiji ilikuwa njia ya pembe na ya minyororo, na baadhi ya waliojua ramani ya nchi hii kwa undani waliijua kwa kuwanunua na kuwauza watu wake. Bombay mwenyewe aliijua kwanza kwa shingo. Lakini njia ile ilikuwa pia ya Wanyamwezi waliobeba mizigo ya merikani, ushanga na waya kwa ujira, wenye kirangozi wao mbele na desturi zao za safari. Wajerumani walipojenga reli ya kati, wakafika Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa waliifuata njia ya wapagazi.

Wako na Chuma na Susi. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wangeweza kumzika wakaenda zao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, na wao na wenzao wakauchukua zaidi ya maili 1,000 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Watu wengi husimulia habari ya mwili. Wachache husimulia kwamba walizichukua pia karatasi zake zote, madaftari na ramani, bila kupoteza. Tena walipopelekwa Uingereza mwaka ule ule, walikaa na Horace Waller aliyekuwa akiutayarisha mswada wa shajara za mwisho za Livingstone, wakamweleza majina na mahali ambapo mwandishi hakuwapo tena kupaeleza. Kitabu kile kilitoka na jina la Livingstone. Sasa swali la mtoto wa Ukerewe tumelijibu kwa sehemu yake ya kwanza.

Sehemu ya pili ni chungu. Elimu ya nchi hii ilitoka vinywani mwa watu wetu, ikaingia katika karatasi, na karatasi ikapanda meli. Haikubaki nakala huku. Ilipofika mwaka 1884 wageni walikuwa na ramani ya nchi, na wenye nchi hawana.

Novemba mwaka huo Karl Peters na wenziwe walivuka kutoka Unguja mpaka Saadani, wakaingia Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakiwa na karatasi za kutiwa alama. Msovero walimkuta Mangungo. Hata leo, kiongozi akitia saini mkataba mbovu, watu humwita Mangungo, na sisi sote hucheka. Lakini tujiulize. Mangungo aliyajua mashamba yake, visima vyake na majirani zake. Hakujua kwamba kulikuwa na meza Berlin ambayo juu yake jina la Usagara lilikuwa limekwisha kuandikwa, wala karatasi iliyoletwa hakuweza kuisoma. Kumcheka ni rahisi mno. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo, na wenye nchi hizo hawakuambiwa.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana. Walimwachia Sultani Barghash ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara, kisha wakapiga mstari kutoka mto Umba mpaka Ziwa Victoria. Mstari umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na kwa kweli ulipigwa kwa rula, ila penye Kilimanjaro unapinda. Wengi huambiwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima huo siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo ni tamu, nayo ni uongo: mjukuu huyo hakuwa hata Kaizari mpaka mwaka 1888. Mstari ulipinda kwa sababu Jühlke, mwenzake Peters, alikuwa amekwisha pata alama za watawala wa mlimani mwaka 1885, akiwamo Mangi Rindi wa Moshi, na Waingereza nao walikuwa na haja zao za Mombasa. Mmasai aliamka asubuhi ng'ombe wake wakiwa katika himaya mbili. Mkurya vile vile, na Mdigo, na Mjaluo.

Mlima tuliupata jina upya. Ncha iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Kaizari Wilhelm, baada ya Hans Meyer kuipanda mwaka 1889, ikaitwa Uhuru, na Luteni Alexander Nyirenda akasimamisha bendera na mwenge juu yake Desemba 1961. Jina ni kitu kidogo kukibadilisha. Mstari ni mgumu. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika shauri hilo. Sisi twaona uamuzi ule ulikuwa wa busara, maana kila mstari ukifunguliwa upya vita isingeisha. Lakini kuuheshimu mstari si kuacha kuusoma. Mkataba wa 1890 uliufanya mpaka wa Ziwa Nyasa ufuate ufuko wa upande wetu. Ramani na taarifa za Waingereza wa enzi ya udhamini mara ziliuweka katikati ya maji, mara ufukoni. Tanzania ilisema mwaka 1967 kwamba mpaka uko katikati. Malawi ikakataa, na mwaka 2012 maneno yakawaka tena kwa ajili ya utafutaji wa mafuta na gesi, mpaka marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaombwa kusuluhisha. Mvuvi wa Liuli au wa Mbamba Bay atokaye usiku na karabai kutafuta dagaa, kwa karatasi ile ya 1890 huwa amekwisha toka nchini kabla maji hayajafika magotini.

Wanachama wengine watasema, haya ni ya serikali na mabalozi, tawi letu linahusikaje? Linahusika, maana ramani inachorwa hata sasa, na inachorwa vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka mipaka ya kijiji ikubaliwe na majirani, ipimwe, na kijiji kipewe cheti. Ni sheria njema. Lakini tumepita katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja, tukakuta wapimaji walikuja msimu wa palizi. Wazee walikuwa mashambani. Aliyewatembeza ni kijana aliyehamia pale miaka miwili nyuma, mwenye pikipiki, mtu mwema wala hakuwa na nia mbaya. Ramani ilipobandikwa ofisini, kisima walichonyweshea ng'ombe tangu enzi za babu zao kilikuwa upande wa pili wa bikoni. Muhtasari ulikuwa umetiwa saini. Mwenyekiti alipoulizwa alisema hakuitazama ramani. Aliona mistari tu. Tukamkumbuka Mangungo, na safari hii hatukucheka.

Twaomba basi mambo mawili, na twayaomba kwa matawi yote. Kwanza, kila tawi lililo kijijini likaombe ofisini kuiona ramani ya kijiji chake, kama ipo, waende nayo kwa miguu wakiwa na wazee, wanaume kwa wanawake, kwa maana mama achotaye maji kila siku anavijua vijito kuliko mwenyekiti. Penye kosa lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe katika muhtasari. Kama ramani haipo, wazee watangulie kutembea kabla mpimaji hajafika.

Pili, walimu walio katika chama wawatume watoto kwa babu na bibi zao wakaandike majina: kilima, mto, mbuga, mti wa mkutano, na jina la kila aliyepata kuwa mpagazi au kirangozi katika ukoo, kama bado linakumbukwa. Daftari libaki shuleni, na nakala iletwe hapa ofisini kwetu. Tutachapa majina ya wilaya moja kila juma, kwa zamu, na tumeazimia kuanza na Ukerewe.