Bomba Likivuja, Nani Alipe?

Magharibi mwa Nairobi, kuanzia vyumba vya mabati vya Kawangware na Kangemi hadi maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa, pana ugomvi mmoja usiokwisha. Bomba limevuja, dari imelowa na gharama ya maji imepanda. Mwenye nyumba humlaumu mpangaji, naye mpangaji humlaumu mwenye nyumba. Maji hayangoji uamuzi.

Kwa maoni yangu, jambo hili si gumu kama wengi wanavyolifanya. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 chasema kwamba nyumba inayokodishwa sharti ifae kukaliwa tangu mwanzo na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Iwapo sehemu tu ya jengo ndiyo iliyokodishwa, mwenye jengo ana wajibu wa kutengeneza paa, kuta kuu, mitaro mikuu na vifaa vinavyotumiwa na wote. Kifungu cha 66 nacho chamtaka mpangaji aitunze nyumba ipasavyo. Kwa hivyo, bomba lililooza ukutani ni mzigo wa mwenye nyumba; mfereji uliovunjwa na mpangaji ni mzigo wa mpangaji.

Wapangaji nao wasijitakase. Katika jiji hili la mgao wa maji, wapo wanaofungua mfereji, wakaukuta mkavu, kisha wakaenda zao kazini wakiwa wameuacha wazi. Maji yarudipo, nyumba hufurika na jirani wa ghorofa ya chini hukuta godoro lake limelowa chepechepe. Hasara hiyo si ya mwenye jengo.

Hata hivyo, mizani haiko sawa. Mwenye nyumba ndiye anayeshika amana. Penye mita moja, gharama hugawanywa kwa wote, na maji yapoteayo ardhini hulipiwa na watu wasiowahi kuyaonja. Tone moja kila sekunde ni takriban lita 20 kwa siku: mtungi mzima, ambao mama wa Kawangware huununua kwa pesa taslimu. Alalamikaye huambiwa ahame. Naye akitaka kushtaki, baraza la kodi za nyumba husikiza tu kesi za nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba hizo zimesalia ngapi Nairobi?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, siku ya kuingia, hali ya mabomba iandikwe na pande zote mbili zitie sahihi. Pili, mpangaji atoe taarifa kwa maandishi mara aonapo maji yakivuja. Na sheria imruhusu, mwenye nyumba akikawia, kumlipa fundi na kukata gharama hiyo katika kodi kwa kuonyesha risiti. Tatu, Bunge lipandishe kiwango hicho cha shilingi 2,500.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wahenga hawakusema ukuta huo utajengwa kwa pesa za nani. Hilo ni la wabunge wetu kutuamulia.